Saluti Iliyopotea Njia

Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki, na Kesarbai alishachoka kuzisikia.

"Leo kumi na moja," Sajini Gyasilal Raikwar alisema akifunga mkanda.

"Na jana zilikuwa kumi na mbili. Nimeolewa na kalenda mimi." Mkewe aligeuza chapati kwa ncha za vidole, akapuliza vidole. "Kunywa chai, Baba Vimla. Ukungu umepanda kutoka mtoni, na kifua chako si cha kijana."

Vimla ni binti yao, aliyeolewa Jhansi. Mama huyo hajawahi kumwita mumewe kwa jina tangu siku ya harusi, na hatuoni ajabu, maana huku ndivyo tulivyo.

Gyasilal alikuwa askari kwa miaka thelathini na tano. Ile kumi na tisa ya mwisho ameisimamia mahali pamoja tu, mlangoni pa Mfalme Ram, hapa Orchha. Kwingine Ram ni mungu. Kwetu ni mungu pia, nani kabisha, lakini kabla ya yote ni mfalme. Ana mji wake, ana raia wake, na ana gadi. Kila pazia la sanamu yake linapofunguliwa hekaluni, askari wanne husimama uani na kunyanyua bunduki kwa heshima. Na ndani ya kuta za mji huu hakuna kiumbe mwingine anayepigiwa saluti. Jenerali aje, mkuu wa wilaya aje, waonje laddu, vile vitamu vya hekaluni, wapige picha na makasri, waende zao salama. Saluti ni ya mwenye mji.

Sasa sikiliza kilichomfanya mzee huyu ahesabu siku kama bibi harusi. Askari wa gadi hapewi tambuu ya Mfalme. Watu wote wakishasali hupanga foleni, kuhani akawatilia kiganjani tambuu na kipande cha pamba chenye marashi. Askari yuko zamu, mdomo wake sharti uwe mtupu. Miaka kumi na tisa Gyasilal alinusa marashi yale na kumeza mate. Lakini siku ya kustaafu, askari akishapiga saluti yake ya mwisho, kuhani mwenyewe huteremka ngazi na kumpa tambuu mbele ya watu wote. Gyasilal alishawaona watatu wakipewa. Wa mwisho, Sajini Parmanand, mwanamume mwenye masharubu kama mikia ya ng'ombe, alilia kamasi zikamchuruzika, na hakuna aliyemcheka.

"Na hata ukipewa," Kesarbai aliongeza, maana hakujua kunyamaza akiwa anamshinda mtu, "kidole bado hujakiona."

"Nitaangaliaje kidole? Mimi nipo zamu."

"Miaka kumi na tisa mlangoni! Mimi ninayekwenda Jumanne tu nimekiona mara mbili."

Kidole chenyewe ni gumba la mguu wa kushoto wa Mfalme. Siku nyingi hufunikwa na mavazi na mashada ya maua. Ukibahatika kukiona, ombi lako limepita. Gyasilal alisimama upande wa kulia wa ua, macho mbele, juu ya vichwa vya watu, kama sheria ya gwaride inavyotaka. Mbele ya macho yake kulikuwa na nguzo. Huyo ndiye mtu aliyekaa karibu na Mfalme kuliko sisi sote, na alichokiona muda wote huo ni nguzo na ufa wake.

"Nguzo yako inakusubiri," Kesarbai alisema, akamfungia chapati mbili na achari ya embe.

*

Kituoni, Inspekta Solanki alikuwa anamngoja. Alikuwa na wiki tatu tu tangu ahamishiwe kwetu, mtu wa mji mkubwa, viatu vyake vinang'aa hata kwenye tope.

"Sajini, kesho asubuhi waziri anakuja kusali. Akikanyaga ua tu, gadi yako itatoa heshima ya silaha."

"Tutampokea vizuri, Afande. Mashada yapo, na…"

"Sikusema mashada. Nimesema heshima ya silaha."

"Afande, samahani. Pale heshima hutolewa kwa Mfalme peke yake. Tangu enzi na enzi. Hata wakubwa wote waliopita…"

"Hizo nguo kakuvisha nani? Mfalme au serikali?"

"Serikali, Afande. Na serikali ndiyo iliyoniweka kwa Mfalme."

Askari mmoja kwenye meza ya pili alikohoa ili asicheke. Inspekta akamgeukia, akamkazia macho. Kisha akamrudia Gyasilal, sasa kwa sauti ya upole, na huo upole ulitisha kuliko ukali.

"Mzee, umebakiza siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kesho waziri akiingia, nataka kusikia buti na mikanda ya bunduki. Nisiposikia, hizo siku utazimalizia ukilinda ghala la ngano, saa tatu kwa basi kutoka hapa. Na huko hakuna kuhani. Tumeelewana?"

"Nimesikia, Afande," Gyasilal alisema. Ona alivyojibu. Hakusema tumeelewana.

Alitoka nje. Alimkuta Konstebo Rajkunwar akisugua bunduki yake kwa kitambaa. Binti huyu wa miaka ishirini na sita alikuwa wa pili kwenye gadi, na Gyasilal ndiye aliyemfundisha kila kitu, kuanzia kusimama bila kupepesa hadi kufukuza tumbili bila kugeuza shingo.

"Dau," alimwita, maana ndivyo tunavyomwita mkubwa huku Bundelkhand, "kuta zina masikio. Nimeshapata habari. Tutafanyaje?"

"Wewe utafanya nitakachoamuru."

"Na utaamuru nini?"

Gyasilal alitazama tai waliotua juu ya kuba za makaburi ya wafalme wa kale kule mtoni, wamejikunyata kwa baridi. Ukweli ni kwamba hakujua. Anayesema mtu mwema huwa hasitasiti hajawahi kubakiza siku kumi na moja.

Siku nzima ile iliyobaki moyo wake ulikuwa ukipanda na kushuka. Akisimama zamu, alijiambia: Thubutu! Sitampigia. Akikaa kunywa chai, alijiambia: Ni kunyanyua bunduki tu, ni chuma na mbao. Mfalme ana moyo mkubwa, ataelewa. Nyumbani alikula bilinganya la kuchoma bila kujua ni bilinganya. Kesarbai alimwangalia, kwa mara ya kwanza hakutania. Alimwuliza tu kama aweke shuka la pili.

Alipoamka alikuwa ameshaamua. Hatanyanyua. Mfalme ndiye bwana wake, na ghala la ngano si jehanamu. Alinyoa ndevu mara mbili, akaenda.

*

Ua ulijaa kabla ya saa mbili asubuhi. Wauza mashada, wanawake na sahani zao za shaba, wazee waliojifunika mablanketi, na vijana wa waziri wakisukuma watu. Kamera tatu. Pazia la Mfalme lilikuwa limefungwa bado, na nyuma yake kuhani alikuwa akimvisha.

Gyasilal alipanga watu wake wanne, akiwemo yeye. Akaweka macho kwenye nguzo. Alijua lililo mbele yake. Waziri ataingia, yeye atasimama kimya kama gogo. Inspekta atanong'ona matusi. Kisha pazia litafunguliwa, kengele kubwa italia, na atampa Mfalme haki yake, hata kama ni mara ya mwisho. Kengele ile ndiyo amri yake. Kutoka alipo haoni pazia, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa amekwenda na kengele. Pigo la kwanza, mdomo wake hufunguka wenyewe.

Kelele zikavuma langoni. Waziri akaingia, mtu mnene mwenye uso wa bashasha, shingo imezama kwenye maua. Inspekta alikuwa hatua moja nyuma, macho yake yamemganda Gyasilal.

Gyasilal hakutikisika. Jasho lilimtoka kwapani na baridi yote ile. Waziri akapita mbele ya gadi. Kimya. Inspekta akakaza taya. Gyasilal akahema ndani kwa ndani: limepita, sasa na liwe litakalokuwa.

Waziri akafika kwenye ngazi. Sasa, mtu yeyote aingiapo hekalu lolote hugonga kengele, kumjulisha mungu kwamba mgeni kaja. Watoto wa miaka miwili wanajua. Lakini ile kengele kubwa ya kwetu haigongwi na mgeni. Hugongwa na mtu mmoja tu, wakati mmoja tu. Sisi tunalijua hilo kiasi kwamba hapakuwahi kuandikwa kibao, na kati ya wote waliomzunguka waziri hakuna aliyefikiria kumwambia. Waziri akanyoosha mkono wake mnene kwa unyenyekevu wote, akaigonga.

Ngooo!

"Gadi!" mdomo wa Gyasilal ukapaza. "Heshima… toa!"

Buti nane zikapiga jiwe kwa pamoja. Bunduki nne zikapanda. Lilikuwa gwaride safi kuliko yote ya mwaka ule.

Na pazia lilikuwa limefungwa.

Gyasilal alilijua kosa kabla bunduki hazijatulia. Hakusikia tarumbeta ya kombe la bahari, inayopulizwa pazia likifunguka. Hakusikia watu wakimshangilia Mfalme. Alisikia kimya, halafu kikohozi cha mzee mmoja, halafu makofi ya vijana wa waziri. Waziri alikuwa amegeuka, ameduwaa, kisha akatabasamu na kuinua viganja viwili kuipokea ile heshima. Kamera zikamulika.

"Dau," Rajkunwar alinong'ona bila kusogeza midomo, "kengele…"

"Najua."

"Dau, umempigia…"

"Najua, binti yangu! Nyamaza."

Inspekta alimjia mbio mbio, uso umefunguka kama mtu aliyetua mzigo. Akamshika bega, yeye ambaye hakuwahi kumgusa. "Safi sana, Sajini. Umenitisha, nikadhani utaniaibisha. Kumbe ulikuwa unangoja afike kwenye ngazi. Nilijua wewe ni mtu mzima. Siku zako ni zako, malizia hapa hapa kwa amani."

Akarudi kwa wakubwa wake.

Hapo ndipo pagumu, msomaji wangu. Mtu akikuonea unajua cha kufanya. Lakini Gyasilal alikuwa amepewa kila alichokitaka, na hakufanya lolote kukipata ila kukosea. Angenyamaza tu. Siku kumi. Kuhani angeteremka ngazi. Kesarbai angevaa sari ya njano, Vimla angekuja na wajukuu. Nani angemlaumu? Nusu ya watu uani walishaanza kusema mzee kalazimishwa, maskini, ana familia.

Nyuma ya pazia, vikuku vya Mfalme vililia kidogo. Kuhani alikuwa anamaliza. Dakika mbili, labda tatu, na kengele ingelia tena, safari hii kengele ya kweli. Na Gyasilal angempa Mfalme nini? Kilichobaki baada ya waziri? Alihisi uso unawaka kama aliyepigwa kofi hadharani. Alimpenda yule bwana nyuma ya pazia. Miaka kumi na tisa hakuwahi kulisema hilo, hata kichwani mwake, na sasa lilimjaa kifuani.

"Rajkunwar, shika gadi."

"Dau, usiende. Dau!"

Alitoka kwenye mstari, hatua kumi, buti zikilia. Alisimama mbele ya waziri. Inspekta aliinua mkono nusu, akachelewa.

"Mheshimiwa," Gyasilal alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ua mzima ukasikia. "Naomba radhi. Ile heshima haikuwa yako."

"Nini?" waziri akauliza, bado anatabasamu.

"Nilisikia kengele nikadhani pazia limefunguliwa. Mimi siwezi kuliona kutoka pale nilipo. Hapa kwetu saluti ni ya Mfalme Ram tu. Nimekosea. Naomba niirudishe kwa mwenyewe."

Mama mmoja aliachia sahani yake ya shaba, ikazunguka sakafuni muda mrefu. Waziri alitazama kamera. Alitazama watu, mamia yao, kimya, wote wanamngoja. Hakufika alipofika kwa ujinga. Alivua mashada yote shingoni, akayaweka kwenye ngazi.

"Mimi ni nani mbele ya Mfalme?" alisema kwa sauti ya jukwaani. "Mpe haki yake, Sajini."

Lo! Ua ulilipuka. "Ushindi kwa Mfalme Ram!" Watu walirukaruka, wazee wakatupa mablanketi. Na katikati ya kelele hizo Gyasilal alirudi kwenye mstari wake, akaweka macho kwenye nguzo. Pazia lilipofunguka na kengele kulia, alitoa amri. Wanasema sauti yake ilisikika mpaka darajani. Waliosema hivyo walikuwa uani, kwa hiyo sijui walijuaje, lakini nawaamini.

*

Waziri alisifiwa kila mahali kwa unyenyekevu wake. Alasiri ile ile barua ya uhamisho ilifika.

Inspekta alimpa mwenyewe, mkononi. Hakuwa na hasira tena. Alionekana mtu aliyeshindwa hesabu. "Ungenyamaza tu, mzee. Hata yeye asingejua! Nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza, Afande."

"Sasa?"

Gyasilal akaanza kupiga saluti, lakini akakumbuka yuko ndani ya kuta, akaishusha mkono ukiwa kifuani. Inspekta akatikisa kichwa.

Ghala la ngano ni ghala la ngano. Panya, vumbi, makarani wanaosinzia. Nje ya mji wetu saluti ni saluti tu, na Gyasilal aliwapigia wote waliopita, hadi msimamizi wa mizani, ambaye ni raia. Siku ya mwisho karani alimpa karatasi atie sahihi, akamwambia "haya mzee, pumzika", akarudi kwenye simu yake. Sare ikabaki pale imekunjwa. Alirudi kwa basi amevaa sweta, akiangalia mikono yake.

Siku nne hakutoka nyumbani. Akisikia kengele alikuwa anasimama, kisha anakaa. Siku ya tano Kesarbai alimtupia kurta, kanzu fupi nyeupe, mapajani.

"Vaa. Twende."

"Nitakwenda kama nani?"

"Kama Baba Vimla. Hukujua kuna mtu wa jina hilo?" Alipoona macho ya mumewe yamejaa machozi, akakaa karibu yake. "Waliokufukuza ni wale wa kituoni. Mwenye nyumba hajakufukuza. Inuka basi, ule puri zako, zinapoa."

Walisimama kwenye umati kama watu wengine, wakisukumwa na wageni. Gadi ilikuwa imejipanga upande wa kulia. Rajkunwar sasa ndiye aliyeongoza, macho kwenye ile nguzo. Gyasilal alikuwa mikono mitatu tu kutoka kwake, na alijua amemwona akiingia. Binti hakumtazama, hata kwa jicho la pembeni. Hivyo ndivyo alivyomfundisha, na kifua chake kikajaa.

Kengele ikalia. Mkono wake wa kulia ukaruka wenyewe. Kesarbai akaukamata hewani, akaubana na wa kushoto mpaka viganja vikakutana kama vya raia yeyote.

"Heshima… toa!" Rajkunwar alipaza.

Na Gyasilal, asiye na nguzo mbele yake tena, akatazama.

Foleni ya tambuu ilikuwa ndefu. Kuhani aligawa bila kuinua uso, akiwakemea watu: "Songa, songa, usizibe njia!" Alimtilia Gyasilal tambuu na pamba kiganjani, akamsukuma begani ampishe mwingine. Kesarbai akapandwa na mori.

"Panditji! Humjui huyu? Kumi na tisa…"

"Mama Vimla, nyamaza," Gyasilal akamvuta kwa ncha ya sari. "Tuko foleni."

Walitoka langoni. Alitia tambuu mdomoni, akatafuna polepole, macho yameloa, midomo imeanza kuwa myekundu. Walivuka mpaka kwenye wauza mashada. Mwishowe Kesarbai alishindwa kujizuia.

"Umekiona?"

Alitikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa.

"Uliomba nini? Ulipata nafasi ya kuomba?"

"Nilisahau kuomba." Akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Kidogo tu, Mama Vimla. Mimi miaka yote nilidhani kikubwa. Kumbe kama cha mtoto."